Mafunzo ya siku mbili ya usalama wa mionzi, Mtwara: maoni ya mshiriki aliyejilipia

Nimelipa shilingi 380,000 kutoka mfukoni mwangu kuhudhuria mafunzo ya siku mbili ya usalama wa mionzi yaliyofanyika katika ukumbi wa kukodi hapa Shangani, na kwa kuwa waandaaji wametangaza kuyarudia Lindi baada ya msimu wa korosho, nimeona niandike niliyoyaona kabla wengine hawajatoa fedha zao. Mwenye mafunzo ni kampuni ndogo kutoka nje ya mkoa, ambayo sitaitaja jina kwa sababu baadhi ya malalamiko yangu bado tunayazungumza. Tulikuwa washiriki 19: watumishi wa eksirei, wapimaji wa mishono ya mabomba kama mimi, vijana wawili wa bandarini, mama mmoja wa ghala la korosho aliyetaka kuelewa vyeti vya mionzi vinavyodaiwa kwenye mizigo ya nje, na mzee mmoja kutoka Tandahimba aliyekuja kwa niaba ya mwanawe aliyeugua ghafla na hakutaka ada ipotee.

Mada ndiyo iliyowashangaza wengi. Tangazo lilisema tutajifunza mgawanyo wa wajibu wa usalama wa mionzi kwa kuangalia majaribio ya silaha za nyuklia, na mwenzangu mmoja wa kazini alikataa kuja kwa neno moja tu: sisi na mabomu ya nyuklia wapi na wapi? Nilikuja nikiwa na shaka kama yake, na hiyo ndiyo sehemu ya mafunzo ninayoisifu kuliko zote.

Nieleze kwanza kwa nini suala la wajibu linanigusa. Kazi yetu hufanyika usiku, mafundi wa kuchomelea wakishaondoka: tunafunga filamu upande mmoja wa mshono, tunaweka kamera ya gama yenye chembe ya iridiamu 192, metali inayotoa mionzi inayopenya chuma na kuupiga picha mshono, upande wa pili, tunarudi mbali na kuzungusha mpini hadi chembe itoke ndani ya ngao yake, kisha tunahesabu dakika. Kinachomlinda mpita njia ni kamba, bango, taa na mtu anayesimama kwenye kamba. Miaka michache iliyopita, katika kazi moja ambayo pia sitaitaja, mlinzi wa usiku aliyebeba birika la chai aliinama akapita chini ya kamba akidhani tumekwisha kumaliza. Tuliona tochi yake, tukarudisha chembe haraka, na hesabu za kesho yake zikaonyesha kwamba alichopata kilikuwa kidogo. Kilichonikaa moyoni ni kikao cha asubuhi. Mwenye bomba alileta karatasi inayosema usalama wa eneo ni wa mkandarasi. Mkandarasi akaleta inayosema kamba ni ya wapiga picha. Bosi wetu akaleta inayosema kuruhusu watu kuingia na kutoka ni kazi ya mkandarasi. Kila mmoja alikuwa sahihi kwa karatasi yake. Mlinzi hakuwa na karatasi yoyote, wala hakuitwa kwenye kikao.

Mkufunzi wetu, mzee mstaafu wa kazi hizi mwenye sauti ya chini inayokulazimisha kunyamaza ili umsikie, alianza na jambo hilohilo kwa kutumia tukio la mbali kabisa. Mwezi Julai 1946 Marekani ililipua mabomu mawili kwenye kisiwa cha Bikini, katika Visiwa vya Marshall, ili kuona manowari zitaathirikaje. Bomu la pili, lililolipuliwa chini ya maji tarehe 25, lilizimwagia meli za majaribio maji yaliyojaa mionzi. Msimamizi wa usalama wa mionzi alikuwa daktari, Stafford Warren, lakini kikosi chote kilikuwa chini ya Admirali William Blandy, na maofisa wa meli walitaka meli zao zisafishwe ili ziokolewe. Mabaharia wakawekwa kusugua sitaha kwa maji na sabuni, siku baada ya siku, huku Warren akionya kwamba vipimo walivyokuwa navyo haviwezi kuiona plutoniamu, metali ya mionzi ya bomu lenyewe, iliyonata kwenye rangi na kamba. Cheo chake kilikuwa cha kushauri. Hakikuwa cha kuamuru.

Hapo mkufunzi alituonyesha picha iliyonifanya niweke simu chini. Ni filamu ya samaki kangaja, yule tunayemnunua hapa feri akiwa na kisu chake mkiani. Hakupigwa eksirei. Samaki huyo aliyevuliwa Bikini aliwekwa juu ya filamu gizani, na mionzi iliyokuwa mwilini mwake ikachora umbo lake yenyewe. Mimi nimeshughulika na filamu kwa miaka mingi, na najua ni kiasi gani cha mionzi kinachohitajika ili filamu iwe nyeusi. Sikuhitaji maelezo mengine. Warren alimpelekea Blandy filamu hiyo tarehe 10 Agosti, na Blandy akasimamisha usafishaji siku hiyohiyo. Mkufunzi alituuliza swali ambalo aliendelea kulirudia hadi jioni ya siku ya pili: nani angeweza kusema simameni, na huyo alikuwa anakula kwa nani? Kwa Bikini jibu ni kwamba mwenye ujuzi hakuwa na amri, mwenye amri hakuwa na ujuzi, na kati yao ilibidi apite samaki.

Sehemu ya Nevada ndiyo iliyochukua muda mrefu zaidi, na ilistahili. Uwanja wa majaribio wa Nevada ulianza kazi Januari 1951 chini ya Tume ya Nishati ya Atomiki ya Marekani, chombo cha kiraia kilichotengeneza mabomu na wakati huohuo kilichopewa kazi ya kulinda watu dhidi ya mionzi yake. Sisi tungesema ni kesi ya ngedere kupelekewa nyani. Hata hivyo, kwa kuwa haki ni haki, Tume hiyo mwanzoni iliweka mipaka: askari waliokuja kufanya mazoezi Novemba 1951 waliwekwa kilomita 11 kutoka kwenye mlipuko. Jeshi halikuridhika. Lilitaka kuwafundisha askari wasiliogope bomu, na likasema askari aliye umbali huo hajifunzi lolote. Mwaka 1952 likaomba umbali upunguzwe hadi mita 6,400 hivi, na Shields Warren, aliyeongoza idara ya tiba na biolojia ya Tume (hana uhusiano na Warren wa Bikini, ingawa nusu ya darasa iliwachanganya), akapinga. Wakubwa wake wakalikubalia jeshi.

Kisha likaja jambo ambalo mkufunzi aliandika ubaoni na kulizungushia duara. Badala ya kuendelea kuvutana kila mwaka, Tume ilikubali kwamba kuanzia mfululizo wa majaribio ya 1953 Wizara ya Ulinzi ibebe yenyewe wajibu wote wa usalama wa askari wake, pamoja na usalama wa mionzi, huku Tume ikibaki na wafanyakazi wake na raia wa nje ya uwanja. Kwenye karatasi ni mgawanyo safi kabisa, kila mtu na watu wake. Matokeo yake ni kwamba mfanyakazi wa Tume alikuwa na kikomo cha rentijeni (kipimo cha zamani cha mionzi) 3.9 kwa kipindi kizima cha majaribio, wakati askari aliyesimama kwenye jangwa lilelile aliwekewa kikomo cha 6, na mahandaki ya askari yakasogezwa hadi mita 3,200 hivi kutoka kwenye mnara wa bomu, na kundi dogo la maofisa waliojitolea likakaa karibu zaidi ya hapo. Rentijeni 6 ni zaidi ya mara mbili na nusu ya milisiviti (kipimo cha leo cha mionzi inayompata mtu) 20 ambazo viwango vya kimataifa vya leo vinamruhusu mfanyakazi wa mionzi kwa mwaka mzima. Mionzi haikujua nani ni wa Tume na nani ni wa jeshi.

Jambo dogo lililofuata liliwachekesha watu, halafu likawanyamazisha. Mkufunzi alisema kwamba katika mazoezi hayo ya 1953 si kila askari alivaa beji ya filamu, ile inayopima mionzi iliyompata anayeivaa. Mara nyingi beji moja iliwakilisha kikosi kizima au basi zima, na kipimo chake kikaandikwa kwa wote. Wakati anasema hivyo, sisi tulikuwa tumepewa dosimita, yaani vipima mionzi vya kuvaa, tatu za mazoezi kwa watu 19, na dada mmoja wa eksirei aliyekaa mbele yangu akainyanyua ya meza yao juu bila kusema kitu. Mkufunzi alikubali kwamba ametuonyesha mfano hai bila kukusudia. Namheshimu kwa hilo, lakini kwa shilingi 380,000 nilitarajia kipimo changu.

Kuhusu raia wa nje ya uwanja, alitueleza habari za mji wa St. George, jimbo la Utah, uliofikiwa na vumbi la mlipuko wa tarehe 19 Mei 1953, watu wakaambiwa wakae ndani na magari yakaoshwa. Mwaka uliofuata kazi ya kupima mionzi nje ya uwanja ilianza kufanywa na Huduma ya Afya ya Umma ya Marekani, kwa makubaliano na Tume na kwa fedha za Tume. Kijana wa bandarini aliuliza kama kuna tofauti yoyote ikiwa mpimaji mpya analipwa na yuleyule. Mkufunzi alimjibu kwamba tofauti ipo, kwa sababu mpimaji alikuwa na jina lake na taaluma yake ya kulinda, ila si kubwa kama inavyoonekana kwenye mchoro wa madaraka. Nilipenda jibu hilo, kwa sababu hakuligeuza suala kuwa la malaika na mashetani. Baadaye, watu wa Utah na majimbo jirani walipoishtaki serikali, walishinda mwaka 1984 kwa sehemu ya madai yao, kisha mwaka 1987 mahakama ya rufani ikatengua hukumu kwa hoja kwamba maamuzi hayo yalikuwa ya kisera na serikali ina kinga juu yake. Fidia ilikuja kwa sheria maalumu ya bunge mwaka 1990.

Mzee wa Tandahimba, ambaye wengi tulidhani anasinzia, ndiye aliyetufungulia mlango hapo. Alisema: "Mwalimu, hili ni jambo la salfa." Akaeleza kwa watu wa kutoka nje kwamba mikorosho inapougua ubwiri unga, mwenye shamba hununua salfa, hukodi mashine ya mtu mwingine, na mashine hubebwa na kibarua wa tatu. Hupulizwa alfajiri, umande ukiwa bado majanini na upepo ukiwa umelala. Kibarua akichelewa kuamka na upepo ukaanza, unga wa njano unahamia kwenye kisima na kwenye nguo zilizoanikwa na jirani. Jirani akilalamika, mwenye shamba anasema mashine si yake, mwenye mashine anasema aliikodisha nzima, na kibarua anasema analipwa kwa idadi ya mikorosho. Mkufunzi alikaa chini akamwachia mzee ubao. Kwa maoni yangu zile zilikuwa dakika 20 bora za mafunzo yote, na hazikuwa kwenye ratiba.

Mfano huo wa upepo ulitufikisha kwenye mlipuko wa Castle Bravo, tarehe 1 Machi 1954, tena huko Bikini. Bomu lililotarajiwa kuwa na nguvu ya takriban megatani 6 (megatani moja ni sawa na tani milioni moja za baruti ya TNT) lilitoa 15, na wingu likaenda mashariki, palipokuwa na watu. Kikosi cha pamoja kilikuwa na wataalamu wa hali ya hewa, maofisa wa mionzi na ndege za kupima. Uamuzi wa kulipua ulikuwa wa viongozi wa kikosi hichohicho, ambao walikuwa na ratiba ya kutimiza. Wamarekani 28 wa kituo cha hali ya hewa kisiwani Rongerik waliondolewa tarehe 2 Machi. Wenyeji wa Rongelap, waliokuwa karibu zaidi na Bikini, waliondolewa tarehe 3. Mkufunzi alitaja tarehe hizo mbili akanyamaza, akatuacha tutazame ramani. Wavuvi 23 wa jodari wa meli ya Kijapani Daigo Fukuryu Maru walikuwa nje ya eneo lililozuiwa na waliangukiwa na majivu meupe ya matumbawe. Mmoja wao, Aikichi Kuboyama, alifariki Septemba mwaka huo. Ukumbi wetu uko mahali ambapo ukitazama dirishani unaona mitumbwi, na sikuwa peke yangu niliyetazama.

Sehemu ya Australia ilikuwa fupi lakini kali. Waingereza walianza kulipua mabomu yao huko mwaka 1952, na ni mwaka 1955 tu ndipo serikali ya Australia ilipounda kamati yake ya usalama yenye haki ya kuzuia mlipuko. Yaani kwa mara ya kwanza katika somo letu alionekana mtu wa pili mwenye ufunguo wa pili. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji James McClelland ilipotoa taarifa yake mwaka 1985, ilimlaumu mwenyekiti wa zamani wa kamati hiyo, mwanafizikia Ernest Titterton, kwa kuificha serikali ya Australia habari alizozijua kutoka kwa Waingereza. Ufunguo wa pili ulikuwa mfukoni mwa rafiki wa mwenye ufunguo wa kwanza. Kuhusu wenyeji wa jangwa la Australia lililotumika kwa majaribio, kazi ya kuwatafuta na kuwaonya katika eneo kubwa ajabu ilimwangukia ofisa wa doria Walter MacDougall, karibu peke yake kwa muda mrefu, na mwaka 1957 familia yenye watoto ilikutwa imepiga kambi karibu na shimo la mlipuko la Marcoo, katika uwanja wa majaribio wa Maralinga.

Sasa nifike kwenye lalamiko langu kubwa la maudhui. Afrika ilipewa dakika 10, mwisho wa siku ya pili, watu wakiwa wameanza kukusanya mikoba. Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza tarehe 13 Februari 1960 huko Reggane, Algeria, ardhi ya bara hili. Ghana ikazuia mali za Wafaransa, na Januari 1961 Nigeria ikavunja uhusiano wa kibalozi. Hao nao walikuwa sehemu ya mgawanyo wa wajibu, kwa sababu vumbi halina pasipoti na jirani hakuulizwa. Tarehe 1 Mei 1962, katika mlipuko mwingine wa Wafaransa, wa chini ya ardhi, huko In Ekker, Algeria, mlima ulipasuka na wingu likatoka, na waliokimbia ni pamoja na mawaziri wawili, Pierre Messmer na Gaston Palewski, waliokuja kutazama. Kwa darasa lililouliza siku mbili nani ana amri ya kusimamisha, ni tukio gani bora kuliko lile ambalo wenye amri wote walikuwepo na wakakimbia pamoja na vibarua? Mkufunzi alilipitia kwa slaidi moja. Watakaokwenda Lindi wamdai lirefushwe.

Kwa upande wa nyumbani, alifanya vizuri. Alieleza kwa lugha inayoeleweka kwamba Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ipo kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 2003, kwamba ndiyo inayotoa leseni na kukagua, na kwamba leseni hiyo haimwondolei mwenye chanzo cha mionzi wajibu wake. Alitukumbusha pia kwamba Tanzania iliridhia mwaka 2004 mkataba wa kupiga marufuku majaribio yote ya nyuklia, na kwamba Dar es Salaam kuna kituo kinachochuja hewa kutafuta chembe za mionzi kwa ajili ya mtandao wa dunia wa mkataba huo. Mama wa ghala la korosho alitoka na majibu yake kamili, na alikuwa mshiriki aliyeridhika kuliko wote.

Huduma nyingine nitazipitia haraka. Slaidi zote zilikuwa kwa Kiingereza ingawa mkufunzi alifundisha kwa Kiswahili fasaha, jambo lililowatesa wale ambao ndio hasa wanaoshika kamba usiku. Kipima mionzi cha maonyesho kiliishiwa betri saa nne asubuhi ya siku ya kwanza, na betri zikaletwa baada ya chakula. Chakula chenyewe, wali wa nazi na pweza, sina la kusema. Aliyepika anajua kazi yake. Ukumbi ulikuwa na feni mbili kwa watu 20 mwezi wa pili, na anayeifahamu Mtwara ya mwezi wa pili ataelewa.

Je, nawashauri mlipe? Kwa msimamizi wa kazi, mkandarasi au ofisa usalama anayeandika mikataba, ndiyo, bila kusita, kwa sababu nimerudi kazini na kuomba karatasi yetu ya kamba iandikwe upya: iwe na jina la mtu mmoja kwa kila zamu anayeweza kusimamisha kazi, mtu huyo asiwe anayelipwa kwa idadi ya mishono, na mlinzi wa usiku asomewe kabla ya chembe kutoka. Bosi amekubali mawili, la malipo bado anafikiria. Kwa kijana anayetafuta mazoezi ya mikono na vipimo, asubiri hadi wanunue vifaa vya kutosha.

Cheti kilichoahidiwa ndani ya wiki mbili kilifika baada ya saba. Kina nafasi mbili za sahihi, moja ya mkufunzi na moja ya mtahini wa kujitegemea, na zote mbili zimesainiwa kwa mkono mmoja, kalamu moja. Nilipopiga simu, kijana wa ofisini aliniambia mtahini alikuwa safarini na mteja hapaswi kucheleweshwa. Nimekirudisha kwa basi la usiku, nikaambatisha nakala ya slaidi ya Nevada yenye duara, na bado nasubiri kipya.